Deni letu kwa Misiani
Muziki wa benga unaorindima Dunga, Kisumu, siku za mapumziko, mezani pakiwa na ugali na samaki, una deni kwa mtu wa ng'ambo ya mpaka. Daniel Owino Misiani alizaliwa eneo la Shirati, katika Tanzania ya leo, mwaka 1940, kwa wazazi washika dini wasiotaka kusikia habari za gitaa. Alivuka akaja Kenya, na katika miaka ya 1960 akaunda Shirati Jazz. Akalifanya gitaa liseme kama nyatiti, kinubi cha Waluo: linadonolewa sauti moja moja, linamjibu mwimbaji, kisha mwimbaji ananyamaza na gitaa linatawala, besi ikirukaruka chini yake. Wanamuziki wa Kikuyu na Kikamba nao wakaipiga benga kwa lugha zao, na santuri za benga zikafika hadi Zimbabwe, zikachangia kuzaliwa kwa mtindo wa muziki wa huko uitwao sungura. Mafumbo ya Misiani yaliwachoma watawala, akatiwa ndani zaidi ya mara moja. Alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu. Kaunti ya Kisumu isingoje tamasha ndipo imkumbuke. Iwape watoto wetu nyatiti na gitaa shuleni, pamoja na walimu wanaojua kuvipiga.