Ukubwa wa Ghala si Usalama wa Nafaka

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya mfanyabiashara, lakini siku hizi yamhusu zaidi mwanachuoni. Maana mali yake yote, tangu sauti alizorekodi hata tasnifu aliyoiandika, imo ndani ya kisanduku kidogo kiitwacho diski. Juu ya kisanduku hicho pana imani moja iliyoenea vyuoni mwetu, nayo ndiyo niipingayo katika insha hii. Imani yenyewe ni kuwa mtu akinunua diski kubwa kuliko zote awezazo kuzilipia, akaijaza kazi zake, akaifungia katika mtoto wa meza, basi amekwisha kuweka akiba. Nasema hajaweka akiba. Ameihamisha hatari kutoka chombo kimoja mpaka kingine, tena labda ameizidisha.

Wenye imani hiyo hawakosi hoja, na insafu yataka hoja zao zitajwe kwanza. Wasema kuwa diski ikiwa kubwa, aghalabu bei ya kila terabaiti hupungua. Kuwa kazi za mtu huongezeka kila mwaka na hazipungui. Na kuwa chombo kimoja ni rahisi kutunzwa kuliko viwili. Sikanushi hata moja. Walakini hoja zote tatu zajibu swali moja tu, yaani chombo kitachukua kiasi gani. Hakuna inayojibu swali lililo kubwa zaidi: chombo kikifa, kitabaki nini? Maana kufa kitakufa. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea, katika nafasi iliyo nyembamba kuliko chembe ya vumbi. Ikianguka mezani hali inazunguka, huenda ukawa ndio mwisho wake. Mwenye diski moja hupotewa na vyote siku hiyo, na kadiri ilivyokuwa kubwa ndivyo maziko yanavyokuwa makubwa.

Na tupime jambo hili kwa mfano wa kazi yetu wenyewe. Tuseme mwanafunzi anakwenda Nyansurura, katika nchi ya Tarime na Serengeti mkoani Mara, kurekodi hadithi, nyimbo na nasaba kwa wazee wasemao Kikuria, Kingoreme na lugha za jirani zao. Lugha hizo hazina vitabu vingi. Sauti atakayoichukua huenda isipatikane tena, kwa sababu msemaji ni mzee na kifo hakingoji tasnifu imalizike. Je, ahitaji diski ya ukubwa gani? Sauti iliyorekodiwa vizuri, kwa vipimo 48,000 kila sekunde, biti 24 kila kipimo, na njia mbili, huchukua gigabaiti 1 na kidogo kwa saa. Saa 300 za mazungumzo ni kama gigabaiti 311. Akiongeza saa 60 za picha zitembeazo, kwa megabiti 50 kila sekunde, atapata gigabaiti 1,350 nyingine. Jumla haifiki terabaiti 2. Kwa nini basi ahimizwe kununua diski moja ya terabaiti 8, hali angaliweza kununua mbili za terabaiti 4, akabakiwa na nafasi ya miaka ijayo na nakala ya pili juu yake? Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Tena ukubwa una kodi yake. Diski pana za mezani, za inchi 3.5, haziendi kwa umeme wa kompyuta ya mkononi. Sharti ziwe na waya wao wa umeme ukutani. Zile ndogo za inchi 2.5 hutosheka na waya wa USB peke yake, na kwa hiyo hufanya kazi hata umeme ukikatika maadam betri ya kompyuta ina uhai. Na muda je? Kwa mwendo wa megabaiti 100 kila sekunde, terabaiti 1 hunakiliwa kwa muda usiofika saa 3. Terabaiti 8 hutaka saa 22. Kwa tundu la USB la zamani, mwendo ukiwa megabaiti 35, kazi hiyo hupita saa 60. Ni nani kijijini awezaye kuahidi umeme wa saa 60 bila kukatika? Akiba isiyonakilika kwa urahisi haitanakiliwa, na isiyonakiliwa si akiba.

Mnunuzi na ajihadhari pia na ulaghai wa sokoni. Ziko diski ndogo mno zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zimeandikwa terabaiti 16 au zaidi, na ndani yake mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Huyapokea mafaili, huonyesha majina yao, lakini yaliyomo huwa yamefutika. Rahisi ghali. Kinyume chake, asidhani ameibiwa mtu aonaye kuwa diski yake ya terabaiti 1 inaandikwa gigabaiti 931 katika Windows: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Ziko vilevile diski ambazo mistari yake ya sumaku imepandana kama vigae vya paa ili nafasi iongezeke. Hizo hufaa kwa akiba iandikwayo mara moja, bali huwa nzito zikiandikwa upya mara kwa mara. Na mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ililazimika kutangaza ni zipi katika diski zake zilizotumia njia hiyo, baada ya wanunuzi kulalamika kuwa hawakuambiwa. Na zile zisizo na sahani, zitunzazo habari kwa chaji ya umeme, hustahimili kuanguka na ni nyepesi kwa safari. Lakini zikikaa miaka bila kuunganishwa na umeme, chaji hupungua na habari zaweza kupotea. Hizo si za kuzikwa kabatini.

Hekima ya jambo hili si ngeni, wala haikuletwa na kompyuta. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawakuweka ng'ombe wao wote katika zizi moja. Walimpa rafiki wa mbali wengine awafuge, ili wezi wakija au maradhi yakiingia, ukoo usiamke maskini. Mfugaji aliyefanya hivyo hakuuliza zizi la rafiki lina upana gani. Aliuliza liko mbali kiasi gani na rafiki ni mwaminifu kiasi gani. Fasihi yetu pia imeokoka kwa njia hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu, Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika, W. E. Taylor akayatunza na kuyaeleza, na William Hichens akayachapa mwaka 1940. Nakala zilipita mikono mingi, na kwa hiyo leo tunayasoma. Ya kinyume yalionekana Rio de Janeiro tarehe 2 Septemba 2018, makumbusho ya taifa ya Brazil yalipoungua: pamoja na mengine ziliteketea kumbukumbu za lugha ambazo hazina msemaji tena. Jengo lile lilikuwa kubwa sana, wala ukubwa wake haukuokoa kitu.

Wako watakaosema kuwa mabishano haya yamepitwa na wakati, maana intaneti yahifadhi kila kitu. Intaneti ni rafiki mzuri wa mbali. Na awe wa tatu, asiwe wa kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na mawasiliano ya intaneti Tanzania yakazorota kwa siku kadhaa. Tena sauti ya mzee ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamdai mtunzaji wa habari za watu azilinde. Basi kila diski na ifungwe kwa nywila, na nywila ijulikane kwa mtu wa pili aaminikaye, isije kufuli ikamfungia nje mwenye nyumba.

Kwa hayo natoa kanuni moja badala ya ile niliyoipinga: usichague diski kwa ukubwa wake, ichague kwa uwezo wako wa kununua mbili. Moja ikae nawe, ya pili ikae mji mwingine. Kila baada ya miezi michache zote mbili zifunguliwe na mafaili yasikilizwe, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Lawama ya mwisho nawapa walimu wenzangu. Twamdai mwanafunzi nakala kadhaa za tasnifu yake zilizojalidiwa, na twapima kwa rula pambizo za kurasa. Lakini sauti ambazo tasnifu ilizaliwa nazo hatumwulizi ziko wapi, wala ziko ngapi. Karatasi hiyo yaweza kuchapwa tena wakati wowote. Mzee wa Nyansurura hawezi kuitwa arudi aseme tena. Idara isiyouliza swali hilo kabla ya kutoa shahada isijisifu kuwa yahifadhi lugha.