Ufizi Ukitoa Damu, Koleo Si Dawa

Ndugu wasikilizaji wa Lubumbashi, na ninyi familia mliokimbia vita na sasa mnaishi kati yetu, leo nazungumza juu ya jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena.

Mtu anaona damu kwenye mswaki, anaogopa, anaacha kupiga mswaki. Ufizi unavimba, anaenda farmasi kununua vidonge vinne vya amoksisilini. Kinywa kinaanza kunuka, meno yanalegea, naye anavumilia. Mwisho anaenda kwa munganga wa meno, na huko mara nyingi anaulizwa swali moja tu: ni jino gani linalouma? Linang'olewa, analipa, anarudi nyumbani. Mwaka unaofuata anarudi kwa ajili ya jino la pili. Meno yanaisha moja moja, na hakuna aliyemwambia jina la ugonjwa wake.

Mimi nasema hayo si matibabu. Ni kuuza koleo. Na wale wanaofanya hivyo huku wamesoma kazi hiyo wanajua vizuri kwamba si matibabu.

Ugonjwa wenyewe si fumbo. Kila siku kwenye meno kunajijenga ukoga, utando laini uliojaa vijidudu. Usipoondolewa unakuwa mgumu kama jiwe, na jiwe hilo halitoki kwa mswaki. Ufizi unawaka, unavimba, unatoa damu. Hapo bado mambo yanarudi sawa: ukisafisha vizuri, ufizi unapona kabisa. Lakini ukiachwa, kwa watu wengi vijidudu vinashuka chini, ufizi unaachana na jino, kunakuwa mfuko, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Mara nyingi hauumi mpaka umechelewa. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na meno meupe bila tundu hata moja, na bado yakaanguka.

Tusidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022 juu ya afya ya kinywa, lilisema zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Ugonjwa huu unatembea pamoja na kisukari: sukari ikiwa juu, ufizi unaharibika haraka, na ufizi mbovu unafanya sukari iwe ngumu kutuliza. Mama mwenye mimba fizi zake zinavimba kwa urahisi zaidi. Mvutaji wa sigara yuko katika hatari kubwa zaidi, na tena sigara inapunguza damu ya ufizi, kwa hiyo anajiona mzima wakati mfupa unakwisha.

Sasa, munganga anaujuaje? Kwa kifaa kidogo kuliko kalamu: sonda, fimbo nyembamba ya chuma yenye alama za milimita. Anaiingiza polepole kati ya ufizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino, na anaandika namba. Milimita 1 hadi 3, bila damu, ni hali ya kawaida. Kuanzia 4, na damu inatoka, anapaswa kutafuta zaidi. Anatikisa jino kuona kama limelegea. Akiweza anapiga picha ya taya, ile ambayo sisi huku tunaita radio, kuona mfupa umebaki kiasi gani. Anauliza juu ya sukari, sigara, mimba. Ndiyo uchunguzi. Sonda haihitaji umeme wa SNEL. Haihitaji mafuta ya jenereta. Inachemshwa, inasafishwa kwa mvuke, inatumika miaka mingi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hapimi kwa sababu nchi ni maskini.

Na matibabu? Ya kwanza ni kumfundisha mgonjwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku, mpaka pale jino linapokutana na ufizi, hata kama damu inatoka. Damu si sababu ya kuacha, ni sababu ya kusafisha vizuri zaidi. Ya pili ni kukwangua lile jiwe, juu ya ufizi na chini yake, kwenye mzizi; watu wengi wanajua sehemu ya kwanza kwa jina la detartraji. Ya tatu, ambayo inasahaulika zaidi, ni kumrudisha mgonjwa baada ya miezi kama mitatu na kupima tena kwa sonda ileile. Namba zikishuka, tumeshinda. Mifuko mirefu ikibaki, hapo ndipo tunazungumza juu ya upasuaji. Jino lililopoteza mfupa wote, ndiyo, ling'olewe. Sikatai koleo. Nakataa koleo linalofika kabla ya kipimo.

Na vidonge je? Dawa ya kuua vijidudu haiyeyushi jiwe. Unakunywa siku tatu, uvimbe unapungua, unafurahi, na chanzo kiko palepale. Dawa hizo zina kazi yake: uvimbe unaosambaa usoni, homa, ufizi unaooza. Lakini kuzinunua nusu dozi kila damu ikitoka ni kutupa franka zako na kuvizoesha vijidudu dawa, ili siku mtoto wako atakapoihitaji kweli isimsaidie.

Najua jibu ambalo waganga wa meno wanatoa. Wanasema: wagonjwa wenyewe ndio wanaomba kung'olewa, hawana pesa za kurudi mara tatu. Ni kweli kwamba pesa hakuna. Lakini mtu anaomba kile anachokijua. Mgonjwa ambaye hajaambiwa kwamba ufizi unatibika, atachaguaje? Mweleze kwanza, mpe bei zote mbili, kisha mwache aamue. Tena hesabu wenyewe: kung'oa jino moja kunaonekana rahisi, lakini meno sita kwa miaka sita si rahisi, na mtu asiye na meno ya nyuma, nyama na mahindi ya kuchoma anabaki kuyaangalia tu. Umaskini haumwondolei mgonjwa haki ya kujua anaumwa nini.

Sasa nageukia familia zilizohama, kwa sababu kwenu jambo hili linaweza kufika kwenye kifo. Kuna ugonjwa unaitwa noma. Unaanza kama ufizi wa kawaida unaotoka damu kwa mtoto mdogo, zaidi wa miaka 2 hadi 6, aliyedhoofika kwa njaa, au aliyetoka kuugua surua au malaria. Ufizi unakuwa na vidonda, mdomo unanuka vibaya, shavu linavimba. Kisha, kwa siku chache tu, nyama ya uso inaoza. Bila matibabu, watoto hadi 90 kati ya 100 wanakufa, na wanaobaki wanaishi na uso uliotoboka. Si uchawi. Hauambukizi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Ukikamatwa mwanzoni, unasimamishwa kwa vitu vya kawaida: dawa za kuua vijidudu zinazoandikwa na munganga, kusafisha kinywa, na chakula cha kumjenga mtoto. Na sisi tunajua surua ni nini. Janga lililoanza 2019 liliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto. Njaa, surua, maji machafu na watu kusongamana: ni maisha yaleyale ya mtu aliyekimbia. Kusema kwamba kinywa kinaweza kungoja mpaka amani irudi ni kutojua noma inatembea kwa mwendo gani.

Ndiyo maana naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine.

Kwa wakubwa wa afya wa jimbo la Haut-Katanga: pale ambapo muuguzi anafunga utepe kwenye mkono wa mtoto kupima utapiamlo, ainue pia mdomo na kuangalia fizi. Ni nusu dakika. Iandikwe kwenye karatasi ya mtoto kama vile chanjo inavyoandikwa.

Kwa mashirika yanayogawa ndoo, sabuni na maturubai: wekeni mswaki kwa kila kichwa na dawa ya meno yenye floridi. Msiseme ni kitu cha anasa.

Kwa waganga wa meno, kutoka mjini mpaka Katuba na Ruashi: pimeni kabla ya kung'oa, andikeni namba, mwambieni mgonjwa jina la ugonjwa wake. Asiyepima asimtoze mtu pesa za uchunguzi.

Na wewe msikilizaji, usingoje hao wote. Ufizi wako ukitoka damu, usiache mswaki. Usipokuwa na mswaki, tafuna kijiti kisafi cha mti mpaka kiwe laini na usugue nacho. Ukienda kwa munganga, kabla hujafungua mdomo muulize: utapima fizi zangu kwa sonda? Akisema hapana na koleo liko tayari mkononi, una haki ya kusimama na kutafuta mwingine. Na mtoto wako akianza kunuka mdomo, fizi zikiwa na vidonda au shavu likivimba, usiende kwanza kwenye maombi wala farmasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kesho ni mbali.