Dawa ya kolesteroli: tusiitupe kimya-kimya

Mu nyumba zetu, sisi watu wa mine, ukifungua kabati kule kwenye tunaweka karatasi za hopitali, mara mingi utakuta pakiti ya komprime yenye ilianzwa na haikumalizwa. Ni dawa ya kupunguza kolesteroli. Baba aliinywa wiki tatu, mapaja yakaanza kumuuma, akaiacha. Bibi yake anajua. Watoto wakubwa wanajua. Mwenye hajui ni munganga. Na ku vizite ya mwaka wenye unafuata, wakimuuliza kama anakunywa dawa, anajibu: «Ndiyo dokta, kila siku.»

Juu ya ile jibu njo tunaandika leo. Kazi yetu si kupima wagonjwa, na karatasi hii haiwezi kubadili ordonansi ya mtu. Lakini tunaona kama ule uongo mdogo unaweza kuua, na tunaona pia kama mfanyakazi hausemi peke yake: kuko wenye wanamusukuma kuusema.

Tuanze na woga. Vizite ya mwaka inaisha na karatasi yenye kusema kama mtu anafaa kwa kazi ao hafai. Mtu mwenye anaendesha lori kubwa la mine, ao anashuka chini ya udongo, akisema «miguu inaniuma, nguvu imepunguka», anajiuliza mara moja wataandika nini pale. Watamutoa ku posti ya usiku? Watamuweka ku kazi yenye malipo kidogo? Minervali ya watoto nani atalipa? Basi anachagua kunyamaza. Anaendelea kunywa dawa na maumivu yake, ao anaiacha na siri yake. Hapana njia ya tatu, kwa sababu hakuna mtu alimuonyesha ya tatu.

Kisha kuko maneno ingine, na hii tunaielewa vizuri. Kolesteroli haiumi. Mtu anaenda ku labo akiwa muzima, anakula bukari yake vizuri, analala vizuri, na wanamuambia damu yake iko na mafuta mabaya mingi. Wanamupa komprime. Sasa ile komprime njo inamuletea maumivu. Ugonjwa wenye hauumi, dawa yenye inauma: nani hataona kama dawa njo ugonjwa? Mama mmoja alituambia hivi: «Bwana yangu alienda ku hopitali na miguu miwili, akarudia na miguu ya muzee.» Ukiwa mahali pake, na weye ungesema vile.

Ile dawa inaitwa statini. Ziko za aina mingi: simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini, pravastatini na zingine. Mwenye alivumbua ya kwanza ni Mujapani, Akira Endo, katika miaka ya 1970, naye aliitoa katika ukungu, ule wa jamaa moja na ukungu wa penisilini. Mu mwaka 1987 Marekani iliruhusu ya kwanza iuzwe. Kazi yake inafanyika mu maini. Maini yetu yenyewe njo yanatengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli. Statini inazuia ile kazi, na maini yanaanza kuvuta kolesteroli yenye iko mu damu. Hivyo mishipa haizibike haraka, na hatari ya moyo kukamatwa ghafula ao ya mtu kupooza upande mmoja inapunguka. Haya yameonekana kwa maelfu na maelfu ya watu, miaka mingi. Hatuna sababu ya kuyakataa.

Lakini hatukubali vile mtu wa mine anaambiwa «ni dawa tu, haina shida». Shida iko. Tuiseme.

Maumivu ya statini, yakiwa ya statini kweli, yako na sura yake. Yanakamata pande mbili sawasawa: mapaja yote mawili, mabega yote mawili, nyuma ya miguu yote miwili. Yanakuja mara mingi mu wiki za kwanza ao miezi ya kwanza, ao kisha dozi kupandishwa. Mtu anachoka kupanda ngazi yenye alizoea. Kinyume chake, goti moja lenye linauma tangu mwaka jana, mgongo wenye ulilia siku ulibeba gunia, kiwiko cha mkono wenye unashika nyundo: pale uangalie kazi kwanza mbele ya kuangalia komprime. Si sheria ya chuma, ila inasaidia munganga sana kama unamuelezea vile.

Na hapa kuko kitu chenye kinaweza kukasirisha wasomaji wetu wengine, lakini tutakisema. Mu Uingereza walifanya jaribio lenye matokeo yake yalitangazwa mu 2020. Walikamata watu 60 wenye walikuwa wameacha statini juu ya maumivu na taabu zingine. Mwaka muzima, mwezi mmoja wanakunywa statini, mwezi mwingine komprime ya bure yenye haina dawa ndani, mwezi mwingine hawanywi kitu, bila kujua komprime ya mwezi huu ni ya kweli ao ya bure. Kumbe taabu zenye walipata na komprime ya bure zilikaribia kabisa zile za statini: karibu 90 kwa 100. Kisha kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu ya wale watu walirudilia dawa. Hii haimaanishi kama walikuwa waongo. Maumivu yalikuwa ya kweli, walikuwa wanayasikia. Ila mwili wenye unangojea maumivu unayapata.

Sasa, lile jaribio lilifanyika Ulaya, si ku Kolwezi, na hapa njo tunagusa jambo lenye ni letu kabisa. Ku labo kuko kipimo cha damu chenye waganga wetu wanaita CPK. Misuli ikiumia, ile CPK inapanda. Kwa mtu wa ofisi, kikipanda sana, munganga anaweza kushitaki dawa. Kwa mtu mwenye alipiga pao masaa nane, ao aliinua mawe, ao alitembea na buti nzito mu joto la shimo, CPK inapanda juu ya kazi tu, hata kama hajawahi kunywa komprime moja. Inaweza kubaki juu siku kadhaa. Basi ukitoka posti ya usiku asubuhi, ukapitia ku labo na mavumbi yako, wakakamata damu, ile namba itasema nini? Itasema ulifanya kazi. Mmoja ataachishwa dawa yenye ilikuwa inamulinda. Mwingine ataambiwa «ah, ni kazi tu», na kumbe dawa inamuumiza kweli.

Njo maana tunaomba vitu viwili, na tunaviomba kwa sauti kubwa. Cha kwanza: kwa mfanyakazi wa nguvu, CPK ipimwe mbele ya kuanza statini, ili siku ya maumivu kuwe namba ya kulinganisha. Cha pili: damu ikamatwe kisha siku mbili ao tatu za repo, mtu amekunywa maji ya kutosha. Hii haiombi mashine mpya. Inaomba tu mwenye kupanga vizite aangalie orodha ya posti. Tunajua wengine watasema ni pesa. Mtu mwenye amepooza kwa miaka kumi, ni pesa ngapi?

Kuko alama yenye haingoji repo wala vizite. Mkojo ukigeuka rangi ya Coca ao ya chai nzito, na misuli inauma sana ao imelegea, acha dawa siku ileile na uende hopitali, hata kama ni usiku. Pale misuli inavunjika na uchafu wake unaweza kuziba figo. Ni nadra sana na statini zenye ziko sokoni leo. Kulikuwa moja, serivastatini, yenye Bayer iliondoa sokoni mu Agosti 2001 juu ya vifo vya namna hiyo. Na usijipime mwenyewe: mkojo mweusi unaweza kutoka pia ku malaria kali, ao ku kukosa maji mu mwili. Munganga njo atachagua. Weye kazi yako ni kufika na pakiti mu mkono.

Tunasema pakiti mu mkono kwa sababu mara mingi statini haiumizi peke yake. Inaumizwa na wenzake. Watu wetu wananunua antibiotiki ku farmasi ya pembeni bila ordonansi, sawa vile wananunua sabuni. Eritromisini na klaritromisini zinaweza kupandisha simvastatini ao atorvastatini mu damu kupita kiasi. Ketokonazoli ya kumeza, yenye wanapewa kwa magonjwa ya ngozi, vilevile. Dawa zingine za VIH, zile zenye ritonavir ndani, vilevile, na hapa siri ya mgonjwa inaweza kumuponza: ambia munganga wa kolesteroli dawa zote, hata zile zenye hutaki jirani ajue. Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, inafanya kinyume, inapunguza nguvu ya statini. Na kifua kikuu, sisi wenye tunapumua mavumbi ya mawe tunakijua. Hata pamplemusi nyingi inaharibu hesabu. Lutuku nayo, hatutaongeza neno.

Kuko pia tezi la shingo. Likifanya kazi pole-pole, linapandisha kolesteroli na lenyewe linaumiza misuli. Mtu anapewa statini, anaumia zaidi, na kumbe ugonjwa wenyewe haukutafutwa. Kama mu jamaa yenu kuko watu wa goita, ama umeanza kunenepa na kusikia baridi bila sababu, sema.

Sasa mtu anauliza: nikisema naumia, munganga atafanya nini, si ataniambia nivumilie? Munganga muzuri ako na njia mingi. Anaweza kukusimamisha wiki mbili mpaka ine, aone kama maumivu yanaenda. Yakienda, anaweza kurudilia na dozi ndogo, ao kubadilisha statini, kwa sababu mwenye anaumia na moja mara mingi anavumilia ingine. Rosuvastatini na atorvastatini zinakaa mu damu wakati mrefu, hivyo kuko wenye wanainywa siku moja, wanaruka siku moja. Kuko pia ezetimibe, yenye si statini, ila haipatikane mu kila farmasi yetu na bei yake si ya kila mtu. Mwenye anakupa jibu la «vumilia» peke yake hajamaliza kazi yake.

Na si watu wote wako sawa. Mwenye moyo wake ulishakamatwa, mwenye alishapooza, ao mwenye sukari na tansio pamoja, kwake ile komprime ni kizuizi cha mwisho. Akiiacha peke yake anacheza na maisha. Mwenye ako na namba iliyopanda kidogo tu, bila kitu kingine, ako na haki ya kuuliza: «Dokta, juu ya nini munanipa hii? Nikipunguza mafuta ya kukaanga, nikiacha tumbaku, tunaweza kungoja miezi mitatu tupime tena?» Hii ni swali la heshima. Mama mwenye ako na mimba, ao anatafuta mimba, aseme mara moja. Na asishirikiane pakiti ya bwana yake, hata wakiwa na kolesteroli wote wawili.

Tunasikitika zaidi juu ya wazee wetu, wale waliotoka Gécamines na «départ volontaire» ya 2003, na wengine wenye hawana tena hopitali ya kampuni. Wao hawana hata vizite ya kudanganya. Wananunua komprime kumi, wanaruka mwezi, wananunua kumi zingine. Wakiumia, hapana wa kumuuliza isipokuwa muuzaji.

Kwa wenye kampuni na waganga wao, ombi letu ni hili. Mupe dawa na maneno yake, kwa Kiswahili, si kile kikaratasi kimekunjwa mara nane chenye hata mwalimu hawezi kusoma. Mumuite mtu kisha wiki sita, mumuulize juu ya misuli mbele ya kumuuliza juu ya kazi. Na mwenye amesema anaumia asipoteze posti yake juu ya kusema. Kama lazima apumzike ku kazi nyepesi wiki ine, arudie kisha mahali pake na malipo yake. Ba-délégué wa sendika wanajua kubishana juu ya buti, kofia na maziwa. Hii nayo waiandike ku orodha mbele ya mkutano wenye unakuja, na waulize jina la munganga mwenye atajibu.