Mrabaha wa memori: Zamani Samsung ililipa Marekani, sasa zamu ya China

Ukinunua simu yenye GB 128, ndani ya bei hiyo kuna pesa kidogo ambayo haiendi kwa mwenye kiwanda wala kwa mwenye duka. Inakwenda kwa mwenye hataza, yaani yule anayetambuliwa kisheria kuwa mbinu iliyotumika kutengeneza memori ni mali yake. Huo ndio mrabaha.

Kwa simu moja ni kidogo, lakini zidisha kwa mamilioni. Mwaka 2008 kampuni ya Marekani, SanDisk (ndiyo hao wa memori kadi), ilivuna zaidi ya dola milioni 500 kwa leseni na mirabaha tu. Mlipaji mkubwa alikuwa Samsung, aliyekuwa akiongoza duniani kwa kutengeneza memori za flashi. Namba moja sokoni anamlipa mpinzani wake! SanDisk walishika hataza za kuhifadhi zaidi ya biti moja kwenye seli moja, na bila mbinu hiyo memori ingekuwa ghali mno.

Samsung walichoka. Septemba 2008 wakataka kuinunua SanDisk nzima kwa dola 26 kila hisa, jumla dola bilioni 5.85. Hesabu yao haikuwa ngumu: ukishamnunua anayekudai, nani atakudai tena? SanDisk wakakataa, wakisema bei ni ndogo. Mwezi uliofuata Samsung wakaondoa ofa.

Ungesema SanDisk walishinda. Sivyo hasa. Bei za memori zilikuwa zimeporomoka na mwaka huo walipata hasara ya karibu dola bilioni 2. Leseni ya Samsung nayo ilikuwa inaisha Agosti 2009. Mei mwaka huo wakatangaza mpya ya miaka saba, mrabaha ukashuka hadi karibu nusu, na Samsung wakakubali kuendelea kuwauzia SanDisk sehemu ya memori wanazozalisha. Mbinu ilikuwa bado inatumika kila kona. Ila anayekwenda kupatana bei akiwa na hasara hiyo, hupokea anachopewa.

Sasa tazama China. Februari 2025 vyombo vya habari vya Korea Kusini viliripoti kuwa Samsung wamechukua leseni kutoka YMTC, kampuni ya Wuhan iliyoanzishwa 2016 tu. Mbinu yenyewe: seli za memori zinatengenezwa kwenye kisahani kimoja cha silikoni, saketi za kuziendesha kwenye kingine, halafu vinaunganishwa. Ukitaka kupanga seli kwa tabaka zaidi ya 400, njia hiyo ni ngumu kuikwepa.

Na YMTC hao hao wako kwenye orodha ya vikwazo ya Marekani tangu Desemba 2022, hivyo kupata mashine za kisasa za Kimarekani ni shida. Lakini vikwazo hukamata mashine bandarini, hataza haipandi meli. Mimi naona Washington hawakulipigia hesabu hilo: kiwanda kinabanwa, hati zinaendelea kuleta pesa.

Tena baadhi ya hati hizo zimesajiliwa hukohuko Marekani. Novemba 2023 YMTC walizitumia kuishtaki Micron, kampuni ya Kimarekani, katika mahakama ya California, wakidai hataza zao 8 zimetumiwa bila leseni.