Tunduma: barabara ipo, upana umekwenda wapi?

Msafirishaji anayepeleka mzigo Zambia au Kongo kupitia barabara ya TANZAM anajua kwamba kuingia Tunduma si kufika. Mwezi Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa rasmi ili kupunguza muda wa ukaguzi mpakani. Hata hivyo, foleni ndefu zimeripotiwa tena katika miaka iliyofuata. Sababu haiko kwenye kaunta ya forodha peke yake. Nyingine iko barabarani.

Hesabu ni rahisi. Chukua barabara ya njia mbili yenye lami ya meta 7. Lori lina upana wa karibu meta 2.5. Likiegeshwa juu ya lami, zinabaki meta 4.5, wakati malori mawili yanayopishana yanahitaji meta 5, bila kuhesabu vioo. Lori moja lililosimama limeshaigeuza barabara kuwa ya njia moja.

Mabega ya barabara yangesaidia. Lakini yakijaa meza za biashara, vibanda na bodaboda, waenda kwa miguu husukumwa kwenye lami, na gari lililoharibika hukosa pa kujibanza.

Matengenezo duni humalizia kazi. Mtaro ukizibwa na taka, maji ya mvua hutuama kingoni, udongo hulainika na lami humeguka. Dereva akikwepa, nusu meta nyingine imepotea.

Sheria haikosekani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imepanua hifadhi ya barabara kuu kufikia meta 30 kila upande. Lakini kuwaondoa machinga peke yao si dawa. Walipohamishwa katika miji mbalimbali mwaka 2021, baadhi yao walirudi barabarani wakisema maeneo mapya hayana wateja. Mama lishe na muuza vocha humfuata dereva aliyesimama. Foleni huzaa soko, na soko huzaa foleni.

Kwa hiyo kinachotakiwa kwanza ni maegesho nje ya lami, lori liitwe zamu yake ikifika, na wafanyabiashara wadogo wapewe nafasi humo humo. Kisha mitaro izibuliwe kabla ya masika.

Anayelipa ni sisi. Kila siku ya kusimama ni posho ya dereva, rejesho la mkopo wa gari na tozo ya kontena lililochelewa kurudishwa. Barabara ikipanuliwa bila maegesho, upana mpya utaliwa kama wa zamani.