Goma: Pikipiki isilie kama bunduki

Mjini Goma, vijana wengi wananunua pikipiki zilizokwisha zeeka na kuzifufua nyumbani: wanasafisha kabureta, wanabadili mnyororo, wanapaka rangi mpya. Hiyo ni kazi ya heshima. Anayefufua chuma kilichotupwa hafai kuitwa mhuni.

Lakini wako wanaokata bomba la moshi na kutoa vyuma vya ndani vinavyopunguza sauti. Kisha, wakiwa mwendoni, wanazima na kuwasha kontakti. Mafuta yasiyoungua yanajaa ndani ya bomba na kulipuka: paa! Wao wanacheka. Nyumba ya pili, mtoto aliyekimbia vita huko Masisi ao Rutshuru anajificha chini ya kitanda, na mama yake anaanza kufunga mizigo.

Wanajitetea kwamba pikipiki bila kelele haina nguvu. Uongo! Kelele haipandishi mlima. Pesa hizo zinunue breki mpya, maana breki ndizo zinazookoa abiria.

Mafundi wakatae kazi hiyo. Wazazi na viongozi wa mitaa wakemee. Raia wamesikia milio ya kutosha. Pikipiki iwabebe, isiwakimbize tena.