Uchunguzi Baada ya Kura Wamfaa Nani?

Yako mazoea mabaya yaliyoota mizizi katika siasa zetu. Kashfa ikifichuka, tume huundwa. Tume ikikaribia ukweli, huongezewa muda. Na muda huo huishia ng'ambo ya uchaguzi. Tunaambiwa tuwe na subira. Subira hiyo humnufaisha nani, kama si mwenye madaraka?

Tazameni Goldenberg ya Kenya. Kuanzia 1990, kampuni ya jina hilo iliahidiwa na serikali ya Rais Moi fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza nje, katika nchi isiyochimba almasi na yenye dhahabu haba. Mwaka 1993 karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alitoa hati za siri, zikawafikia wabunge wa upinzani. Alichovuna ni kukamatwa na kufukuzwa kazi.

Hesabuni basi. Siri ilitoka 1993, na Wakenya walipiga kura tena 29 Desemba 1997. Miaka minne mizima! Kesi ziliburutwa mahakamani, tume haikuundwa, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 40 ya kura. Sisemi kwamba ukweli peke yake ungemwangusha. Wapinzani walikuwa wamegawanyika, na mgawanyiko huo ulimbeba sana. Nasema mpiga kura alinyimwa haki ya kuamua akiwa anajua. Tume ya Jaji Bosire ya kuichunguza Goldenberg iliundwa 2003, Moi akiwa ameshastaafu, ikakabidhi ripoti 2006. Munyakei alifariki mwaka uo huo, fukara. Moi naye alifariki 2020 bila kushtakiwa. Tume ile ilikuwa mganga aliyefika baada ya matanga, tena mganga wa kulipwa kwa fedha za umma.

Wamarekani nao yaliwapata. Wavamizi wa ofisi za wapinzani wa Rais Nixon, katika jengo la Watergate, walinaswa 17 Juni 1972. Oktoba, kamati ya Baraza la Wawakilishi ilikataa, kwa kura 20 dhidi ya 15, kumpa mwenyekiti wake uwezo wa kuwalazimisha mashahidi kufika. Novemba, Nixon akashinda majimbo 49 kati ya 50. Lakini Seneti ilianza uchunguzi mwaka uliofuata, na Agosti 1974 Nixon akajiuzulu. Walichelewa, ila hawakumngoja astaafu.

Wapo wanaosema kwamba uchunguzi karibu na kura hugeuzwa silaha ya kumchafulia mtu jina. Ni kweli, hutokea. Dawa yake ni kuanza mapema, siku kashfa inapojulikana.

Kwa hiyo tudai sheria: tume inayochunguza jambo linalomgusa rais ipewe tarehe ya mwisho kabla ya kampeni kuanza, na ripoti yake itangazwe siku inapokabidhiwa, isipitie kwanza mezani kwa anayechunguzwa. Atakayekuja kuwaomba kura, mwulizeni mbele ya watu kama ataitia saini sheria hiyo. Akisitasita, mnyimeni.